Kuanzisha huduma ya afya ya jamii vijijini baada ya vita: mwongozo kamili kwa mfano wa Liberia

Mapigano yalipokoma Liberia mwezi Agosti 2003, baada ya awamu mbili za vita vilivyoanza mwaka 1989, nchi hiyo yenye watu zaidi ya milioni tatu ilikuwa imebakiwa na madaktari wapatao 50 tu. Zahanati nyingi zilikuwa zimeporwa au kuchomwa, wauguzi na wakunga walikuwa wametawanyika ndani na nje ya nchi, na sehemu kubwa ya huduma iliyobaki iliendeshwa na mashirika ya misaada. Ilichukua miaka mingi, na mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014 ulioua zaidi ya watu 4,800 nchini humo, kabla serikali ya Rais Ellen Johnson Sirleaf haijazindua, mwezi Julai 2016, mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ya jamii wanaolipwa, kwa ajili ya vijiji vilivyo umbali wa zaidi ya kilomita 5 kutoka kwenye zahanati.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu, maofisa wa wilaya na viongozi wa mashirika madogo wanaotakiwa kujenga huduma ya namna hiyo, iwe ni Liberia kwenyewe au katika nchi nyingine iliyotoka vitani. Msomaji ataona kwamba mafunzo yamewekwa mbali sana katika mpangilio wa hatua. Nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa mafunzo ndiyo sehemu rahisi, yenye picha nzuri na vyeti, na ndiyo ambayo karibu kila mfadhili yuko tayari kuilipia. Kinachoiangusha kazi ni mshahara, dawa na usimamizi, ambavyo huahirishwa mpaka wahudumu wawe wameshapelekwa vijijini mikono mitupu.

Hatua ya 1: Fahamu nani anaishi wapi

Sensa ya kabla ya vita haitakusaidia. Watu walihama, baadhi ya vijiji vilihamia pembeni mwa barabara na vingine vikaingia msituni, na kambi za wachimbaji wa dhahabu zikazuka mahali ambapo ramani inaonyesha miti mitupu. Anza kwa kukusanya majina ya vijiji kutoka kwa watu watatu wa aina tofauti: mkuu wa eneo, mkunga wa jadi na dereva wa pikipiki. Orodha zao hazitalingana, na vijiji vinavyotajwa na mmoja tu kati yao ndivyo vya kutembelewa kwanza.

Pima umbali kwa saa za kutembea wakati wa mvua, usiridhike na kilomita za ramani. Kusini mashariki mwa Liberia, katika majimbo kama Grand Gedeh, Rivercess na Grand Kru, mvua kubwa hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba, na njia inayopitika kwa pikipiki mwezi Januari huwa tope na mto usio na daraja ifikapo Agosti. Katika nchi ambazo vita vyake viliacha mabomu ya ardhini, kama Msumbiji na Angola zilivyokuwa, usimtume mtu yeyote nje ya njia zinazotumika kila siku kabla ya kuzungumza na wanaosafisha mabomu.

Kisha hesabu kaya, nyumba kwa nyumba. Kwa kila kaya andika idadi ya watu, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Liberia iliweka mhudumu mmoja kwa watu wapatao 350, yaani kaya 40 hadi 60. Nyumba zikiwa zimesambaa, punguza idadi hiyo, kwa sababu mhudumu anayetembea saa tatu kufika kwenye kaya ya mwisho hataifikia kila mwezi hata akiwa na moyo wa chuma.

Hatua ya 2: Zungumza kabla ya kuahidi

Katika kijiji kilichopitia vita, mkutano wa hadhara unaonyesha nusu tu ya mambo. Mwenyekiti anaweza kuwa alipewa cheo na kundi fulani la wapiganaji, na familia zilizoumizwa na kundi hilo zitakaa kimya au hazitatokea kabisa. Kwa hiyo, baada ya mkutano mkubwa, fanya mikutano midogo: wanawake peke yao, vijana peke yao, waliorejea kutoka ukimbizini peke yao. Uliza nani aliugua mwezi uliopita, alipelekwa wapi, alilipa nini, na nani alikufa. Majibu hayo yatakufaa kuliko dodoso refu.

Ebola ilionyesha gharama ya kuruka hatua hii. Mwaka 2014 watu wengi waliwaficha wagonjwa na kuzika usiku, si kwa ujinga, bali kwa sababu waliokuja kuwachukua ndugu zao walikuwa wageni waliovaa mavazi ya kutisha, waliotumwa na serikali ambayo hawakuwa na sababu ya kuiamini. Uunde mapema kamati ya afya ya kijiji, iwe na wanawake wenye sauti halisi, na uiambie waziwazi kile usichoweza kutoa. Ahadi ya gari la wagonjwa ambalo halitakuja itakumbukwa kwa miaka.

Hatua ya 3: Iweke sawa zahanati mama

Mhudumu wa kijijini humpeleka mgonjwa mahututi kwenye zahanati mama, yaani ile inayohudumia eneo lake; akifika na kukuta mlango umefungwa, kijiji hakitamsikiliza tena. Kabla ya jambo lolote, hakikisha kwamba zahanati ina angalau muuguzi au tabibu mmoja anayelala hapo hapo, mkunga, maji, mwanga wa usiku, dawa za msingi na stoo inayofungwa. Ikikosa vitu hivi, tumia miezi ya kwanza na fedha za kwanza hapo.

Suala la ada nalo linaamuliwa hapa. Liberia iliondoa ada katika zahanati za umma miaka michache baada ya vita, wakati Rwanda ilichagua bima ya jamii, iliyoanza kama majaribio katika wilaya tatu mwaka 1999 na kuenea nchi nzima miaka iliyofuata, huku michango ya kaya maskini zaidi ikilipwa kwa niaba yao. Kwa maoni yangu, pale ambapo watu hawana mazao ghalani wala mifugo, kuanza bila ada ndilo chaguo pekee la busara, kwani bima inahitaji daftari sahihi la kaya na serikali ya mtaa inayoaminika, na vyote viwili huchukua muda kujengwa.

Hatua ya 4: Panga mshahara kabla ya kumchagua mtu

Kwa miaka mingi Liberia, kama nchi nyingine nyingi, iliwategemea wahudumu wa kujitolea. Walipewa semina, fulana na shukrani, kisha wakarudi mashambani, kwa kuwa mtu mwenye watoto wa kulisha hawezi kuacha shamba wakati wa kupalilia ili apime homa za watoto wa jirani. Mpango wa mwaka 2016 uliweka malipo ya dola 70 za Marekani kwa mwezi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo unaotaka wahudumu wa afya ya jamii walipwe kulingana na kazi na saa zao, na likaonya dhidi ya malipo yanayotegemea zaidi takwimu za utendaji.

Fanya hesabu mwenyewe. Dola 70 kwa mwezi ni dola 840 kwa mwaka. Ukizigawa kwa watu 350, ni dola 2.40 kwa kila mtu. Hiyo si gharama yote, kwa kuwa bado kuna msimamizi, dawa, mafuta ya pikipiki na mafunzo, lakini hesabu hii humsaidia ofisa wa hazina kuona kwamba hazungumzii jambo la anasa. Andika mkataba unaotaja saa za kazi, likizo, nani analipa na tarehe gani. Chagua njia ya malipo kwa kumfuata mhudumu mwenyewe: kama mtandao wa simu haufiki kijijini, na wakala wa pesa yuko mjini mwendo wa siku nzima, basi kila mshahara utamgharimu siku mbili za kazi na nauli. Ni afadhali msimamizi abebe malipo yaliyosainiwa, chini ya ukaguzi mkali, kuliko kujifanya kwamba mfumo wa kisasa unafanya kazi.

Mfadhili anapokuambia kwamba malipo hayawezi kuendelea baada ya mradi, muulize kama daktari wa wilaya naye anafanya kazi bure.

Hatua ya 5: Dawa zifike kijijini, na zisiishe

Orodha ya mhudumu ni fupi. Anahitaji vipimo vya haraka vya malaria, dawa mseto ya malaria, amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka kwa ajili ya nimonia ya watoto, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini (ORS), zinki, mkanda wa MUAC (wa kupima mzunguko wa mkono wa juu ili kutambua utapiamlo), kipimajoto, saa ya kuhesabia pumzi, glavu, sanduku salama la vitu vyenye ncha kali, vidonge vya uzazi wa mpango na kondomu. Pale ambapo sera ya taifa inaruhusu, aongezewe artesunate, dawa ya malaria, ya kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa, kwa mtoto mwenye malaria kali anayesubiri kusafirishwa.

Ugumu uko kwenye njia. Kiasi cha akiba kikokotolewe kwa matumizi halisi na kwa miezi ambayo njia hukatika. Mhudumu anayetumia vipimo 20 kwa mwezi, katika eneo ambalo hupotea nyuma ya mto kwa miezi miwili, aingie msimu wa mvua akiwa na vipimo visivyopungua 60: 20 vya mwezi wa kawaida na 40 vya miezi ya kukatika. Fanya hesabu hiyo kwa kila dawa, kisha uangalie tarehe za kuisha muda. Sanduku la dawa liwe la mbao au plastiki, lenye kufuli, liwekwe juu ya sakafu na mbali na moto, kwani joto na unyevu huharibu vipimo kabla ya tarehe yake.

Kila mwezi mhudumu na msimamizi wahesabu pamoja kilichobaki, walinganishe na daftari la wagonjwa, na tofauti ijadiliwe hapo hapo. Vidonge kumi vilivyokosekana vinaweza kuwa ni wizi, lakini mara nyingi ni mtoto aliyetapika akapewa dozi upya bila kuandikwa, au shangazi wa kijiji cha pili aliyekuja kuomba. Ikiwa ghala la wilaya limeishiwa, mwambie mhudumu ukweli mapema ili naye akiambie kijiji. Kimya ndicho huzaa tetesi kwamba anaziuza.

Hatua ya 6: Uchaguzi wa wahudumu

Sasa, na si kabla ya hapo, kijiji kichague mtu. Awe anaishi hapo, awe tayari kukaa, aweze kusoma na kuandika kiasi cha kujaza fomu, na awe mtu ambaye mama anaweza kumwamsha usiku wa manane. Usidai cheti cha shule. Vita vilikata masomo ya kizazi kizima, na wasichana ndio walioathirika zaidi. Ukidai cheti, utapata vijana wa kiume. Hata bila kudai vyeti, wengi wa wahudumu wa Liberia walitokea kuwa wanaume, jambo linalowafanya baadhi ya wanawake wasite kuzungumzia uzazi wa mpango au kutokwa damu. Rwanda ililishughulikia tatizo hili kwa kukitaka kila kijiji kichague mwanamume na mwanamke kwa ajili ya watoto wagonjwa, na mwanamke wa tatu kwa ajili ya wajawazito na wachanga. Kama huwezi kumudu watu watatu, toa masomo ya kusoma na kuandika ya miezi michache kwa wanawake waliopendekezwa na kijiji, ndipo ufanye usaili.

Usaili uwe wa vitendo: mpe mtu aya fupi aisome kwa sauti, ahesabu pumzi kwa dakika moja, ajaze jedwali. Usimkatae mtu kwa sababu tu aliwahi kubeba silaha akiwa mtoto, wala usimkubali kwa sababu tu mkuu amempendekeza. Waachie wanawake wa kijiji, katika mkutano wao wa faragha, haki ya kumkataa mtu bila kutoa sababu. Wakunga wa jadi nao wasiachwe kando. Wana heshima ambayo mhudumu mpya hana, na wakipewa kazi inayoeleweka ya kuwatambua wajawazito na kuwasindikiza zahanati, hawatakuwa na haja ya kushindana naye.

Hatua ya 7: Mafunzo kwa vipande

Liberia iligawa mafunzo katika sehemu nne: misingi ya afya ya jamii na ufuatiliaji wa magonjwa, afya ya uzazi na wachanga, matibabu ya watoto, na afya ya watu wazima ikiwamo kifua kikuu, UKIMWI na afya ya akili. Kati ya sehemu moja na nyingine, mhudumu hurudi kijijini na kuyafanyia kazi aliyojifunza. Ufuate mtindo huo, na nusu ya muda wa darasani itumike zahanati, mbele ya watoto wagonjwa kweli.

Kiini cha mafunzo ni mtoto wa miezi 2 hadi 59. Mhudumu ajue bila kufikiri kwamba pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa miezi 12 hadi 59, ni kupumua haraka kunakohitaji matibabu. Ajue kwamba, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wa juu wenye mzunguko chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Na kabla ya dawa yoyote, atafute dalili za hatari: degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea au kupoteza fahamu, kifua kubonyea wakati wa kuvuta pumzi, damu kwenye kinyesi, kuvimba miguu yote miwili, homa ya siku 7 au zaidi, kuharisha kwa siku 14 au zaidi. Dalili moja inatosha kumpeleka mtoto zahanati. Dozi zifuate mwongozo wa taifa, zichapishwe kwa picha, zibandikwe ndani ya kifuniko cha sanduku.

Kwa wachanga, atembelee siku ya kwanza, ya tatu na ya saba baada ya kuzaliwa.

Hatua ya 8: Msimamizi anayetembea

Hapa ndipo programu nyingi hufa polepole bila kelele. Liberia iliweka msimamizi mmoja kwa wahudumu wapatao 10, na ikataka msimamizi huyo awe muuguzi, mkunga au tabibu aliyesomea kazi, ili akifika kijijini aweze kumtibu mgonjwa na si kukagua karatasi tu. Mpe pikipiki, mafuta, koti la mvua na ratiba ambayo siku nyingi za mwezi ni za njiani.

Katika kila ziara afanye mambo yafuatayo kwa mpangilio huo huo: amtazame mhudumu akimhudumia mtoto bila kumkatiza, ahesabu dawa, achague majina matatu kutoka kwenye daftari na kwenda kwenye kaya hizo bila mhudumu, kuuliza kama kweli walitembelewa na dawa gani walipewa, kisha akae na mhudumu na kurekebisha jambo moja au mawili. Ziara inayorekebisha mambo kumi hairekebishi lolote. Amuulize pia hali yake mwenyewe, kwani mhudumu aliyempoteza mtoto mikononi mwake wiki iliyopita, katika kijiji ambacho alizika ndugu zake wakati wa vita, anabeba mzigo usioonekana kwenye fomu.

Hilo linagusa majeraha yanayotajwa kwa shida. Wanawake wengi walibakwa wakati wa vita, na ubakaji hauishi siku silaha zinapokusanywa. Mhudumu asiwahoji wala asiwaandike majina. Afundishwe kusikiliza, kutunza siri, na kumpeleka anayehitaji zahanati ndani ya saa 72 tangu abakwe, muda ambao dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI bado zinaweza kutolewa.

Hatua ya 9: Rufaa na uzazi

Panga safari kabla ya mgonjwa kupatikana. Kamati ya kijiji iwe na orodha ya vijana wanne wa kubeba machela, mwenye mtumbwi, dereva wa pikipiki atakayelipwa na zahanati akifika, na namba ya simu ya muuguzi. Kama simu haishiki, tafuteni kilima inaposhika na mkiandike kwenye ramani. Zahanati irudishe kijikaratasi chenye maelezo ya alichotibiwa mgonjwa, ili mhudumu amfuatilie nyumbani.

Kwa wajawazito, njia ya uhakika ni kuwasogeza mapema. Liberia ilijenga nyumba za kusubiria kujifungua karibu na zahanati, ambako mama wa mbali hufika wiki za mwisho za ujauzito. Nyumba hiyo ikikosa jiko, kuni, chakula na nafasi ya ndugu wa kumsindikiza, itabaki tupu. Uliza pia nani atawatunza watoto aliowaacha nyumbani. Swali hilo ndilo huamua kama atakuja.

Hatua ya 10: Takwimu chache, zinazorudi kijijini

Mhudumu asijaze fomu zaidi ya mbili: daftari la wagonjwa na muhtasari wa mwezi wenye vizazi, vifo, watoto waliotibiwa na rufaa. Matukio ya kutilia shaka, kama vifo kadhaa vya ghafla, surua au homa yenye kutokwa damu, yapigiwe simu siku hiyo hiyo. Kila baada ya miezi mitatu isomee kamati ya kijiji takwimu zake, na pale ambapo kuna kifo cha mama au mtoto, kijadiliwe kwa upole bila kutafuta wa kulaumiwa.

Hatua ya 11: Kuingia kwenye bajeti ya serikali

Msumbiji ilianza kufundisha wahudumu wake wa vijijini mwaka 1978. Vita vikavunja vituo vyao, programu ikazimika mwishoni mwa miaka ya 1980, na haikufufuliwa mpaka mwaka 2010, miaka 18 baada ya amani. Liberia nayo, pamoja na sera nzuri, bado inategemea sana fedha za wafadhili, na kila mradi unapofikia ukingoni, wahudumu wa jimbo fulani hubaki wakisubiri mshahara.

Kwa hiyo, tangu mwaka wa kwanza tumia jina la cheo, fomu, kiwango cha mshahara na orodha ya dawa ya wizara, hata kama unaona vyako ni bora. Msimamizi aajiriwe na wilaya, ofisi yake iwe zahanati. Kubaliana na wizara kwa maandishi ni mwaka gani serikali itabeba asilimia ngapi ya mishahara, ukianza na ya wasimamizi, ambao ni wachache na tayari wana nafasi katika muundo wa utumishi, kisha dawa, na mwisho wahudumu wenyewe. Makubaliano hayo yapelekwe kwa wabunge wa eneo hilo kabla ya msimu wa bajeti, yakiwa na ramani ya hatua ya kwanza na majina ya vijiji vyao.